Kujitolea Kazualti Kabla ya Kusomea Unesi

(Haya ni mazungumzo aliyoyatoa nesi mmoja, binti wa mfanya kazi mwenzetu, mbele ya wanachama na jamaa zao hapa Kariandusi. Tumeyapiga chapa kwa sababu wazazi wengi waliomba kuyapata kwa maandishi.)



Wengi wenu mnanijua tangu nilipokuwa mtoto wa kutumwa dukani. Baba yangu alifanya kazi katika udongo mweupe wa hapa Kariandusi miaka mingi, na alikuwa memba wa chama mpaka siku aliyostaafu. Kadi yake ya chama aliiweka katika kibweta kimoja pamoja na hati ya shamba, nasi watoto tulikatazwa kukigusa.

Katibu ameniambia kwamba mwaka huu watoto kadhaa wa hapa wamemaliza kidato cha nne na wanataka kusomea unesi. Wameambiwa na watu, "Nendeni kwanza mkajitolee kazualti, mahali wanapopokelewa wagonjwa wa ghafula, mpate kuzoea." Wazazi sasa wanauliza: Je, jambo hilo ni jema? Au ni njia ya kumfanyisha mtoto kazi bila mshahara?

Mimi nilijitolea kazualti mwaka 2012, kabla sijaingia chuoni. Kwa hiyo najua pande zote mbili. Jibu langu kwa kifupi ni hili: ni jambo jema sana, ikiwa mtoto anakwenda kama mwanafunzi, na ikiwa mambo yake yameandikwa katika karatasi kabla hajavuka mlango wa hospitali. Kama karatasi hiyo haipo, asiende. Nitawaeleza sababu.

JINSI NILIVYOANZA

Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilianguka Sachangwan, upande wa Molo, katika barabara kuu hii hii inayopita hapa kwetu. Watu walikwenda kuchota mafuta, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Nilisikiliza habari zile katika redio, nikajiuliza: watu wengi namna ile wakiletwa mlangoni kwa wakati mmoja, ni nani anayeanza kuwagusa? Naye anajuaje aanze na yupi? Swali hilo halikunitoka.

Mwisho wa mwaka 2011 nilimaliza shule. Matokeo yalipotoka, alama zangu zilitosha, lakini nafasi ya chuo ilikuwa ya Septemba. Nilikuwa na miezi mingi ya kukaa bure. Nikamwambia baba kwamba nataka kwenda kujitolea katika hospitali moja ya serikali katika bonde hili.

Baba aliweka kikombe chini. Akasema, "Mwanangu, maisha yangu yote katika chama tumeomba shilingi juu ya shilingi. Leo wewe wataka kumpa mtu kazi yako bure?"

Nikamjibu, "Baba, si kazi, ni masomo."

Akaniuliza, "Kama ni masomo, mwalimu wako ni nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda hivyo hivyo, naye alinipa nauli bila furaha.

MACHO NA MIGUU

Siku ya kwanza sista mkubwa wa kazualti aliniangalia toka kichwani mpaka viatuni. Akasema, "Wewe mtoto wa Kariandusi, hapa utatumia macho na miguu. Mikono bado." Sitasahau maneno hayo, na mpaka leo nawaambia vijana wanaokuja kwangu.

Kazi yangu ilikuwa kusukuma machela, kutandika vitanda, kuonyesha watu njia ya maabara na dirisha la dawa, kutafuta jamaa za mgonjwa, na kuketi na yule asiye na mtu. Mara nyingi nilikuwa mkalimani. Mnajua bonde letu: hapa yuko Mkikuyu, Mkalenjin, Mmasai, Mturkana na wengine wengi. Bibi mzee akiumwa husahau Kiswahili chote, akabaki na lugha ya mama yake. Mimi nilijifunza Kiturkana kidogo kwa majirani zetu hapa kambini. Sikujua kwamba maneno yale ya kuchezea yatakuja kumsaidia daktari kujua kwamba mama ameumwa tumbo tangu juzi, wala si tangu asubuhi.

Jambo la kwanza nililojifunza ni jibu la swali langu la Sachangwan. Kazualti haifuati foleni ya duka, kwamba aliyetangulia ndiye anayehudumiwa kwanza. Nesi wa mlangoni huwachambua wagonjwa. Humtazama mtu anavyopumua, mapigo ya moyo, damu inayotoka, na kama anajua alipo. Kisha humpa rangi: nyekundu kwa asiyeweza kungoja, manjano kwa anayeweza kungoja kidogo, kijani kwa anayeweza kungoja zaidi. Ndiyo maana mtu aliyefika saa mbili anaweza kupitwa na mtu aliyefika saa nne. Watu wengi hugombana na manesi kwa jambo hili. Nawaomba mlieleze nyumbani kwenu. Tena mjue kwamba anayepiga kelele, angalau pumzi anayo. Yule aliyenyamaza kimya ndiye nesi humkimbilia.

Jambo la pili. Mara nyingi nilikuta watu wamesimama nje na mgonjwa wao, wanahesabu fedha mkononi, wanaogopa kuingia. Sista alinituma niwaambie waingie. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mambo ya malipo yatasemwa baadaye, lakini damu haingoji mambo hayo.

Jambo la tatu latuhusu sisi wafanya kazi. Siku moja aliletwa mtu mwenye kukohoa na kifua kubana. Aliulizwa juu ya sigara, akasema havuti. Aliulizwa juu ya homa. Mimi nilitazama nywele zake, nikaona vumbi jeupe kwenye mizizi. Nikamnong'oneza sista, "Huyu anachonga mawe." Daktari akaanza kuuliza maswali mengine kabisa. Vumbi la mawe lenye silika huharibu mapafu polepole kwa miaka, na mapafu yaliyokwisha kuharibika hayarudi kuwa kama yalivyokuwa. Tena mtu huyo hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo mkienda hospitali, msingoje kuulizwa. Semeni, "Nafanya kazi fulani, kwa miaka kadha, katika vumbi la namna fulani." Maneno hayo ni nusu ya matibabu.

KUJIJUA MAPEMA

Nilikuwa na mwenzangu mmoja, msichana mwerevu kunipita. Alama zake zilikuwa nzuri kuliko zangu. Lakini kila damu ilipoonekana, miguu yake ilikataa. Alijaribu wiki mbili. Siku ya kumi na nne aliketi nyuma ya jengo, akaniambia, "Siwezi, na sitaki kujidanganya." Akaenda kusomea ualimu, na sasa ni mwalimu hodari. Wiki zile mbili ziliwaokolea wazazi wake karo ya miaka mitatu. Hakuna aliyemcheka.

Mimi nami nilipimwa. Alasiri moja aliletwa kijana wa pikipiki aliyegongwa barabarani. Walimshughulikia kwa nguvu zao zote, lakini hakuishi. Mama yake alipofika, manesi wote walikuwa wameinama juu ya mgonjwa mwingine. Nilikaa naye kwenye benchi. Sikuwa na la kusema, nikamshika mkono mpaka jamaa zake walipokuja. Usiku ule nilipofika nyumbani sikula. Lakini asubuhi nilivaa viatu nikarudi, ndipo nikajua kwamba kazi hii naiweza.

Hiyo ndiyo faida ya kujitolea, ndugu zangu. Haimfundishi mtoto unesi. Unesi hufundishwa chuoni. Humfundisha kujijua.

SIKU NILIYOCHOMWA

Sasa nitasema upande wa pili.

Mwezi wa tatu wa kujitolea kwangu niliombwa kubaki usiku. Gari la abiria lilikuwa limepinduka, majeruhi ni wengi, na manesi hawakufika hata nusu ya waliohitajiwa. Katika haraka ile mtu mmoja alinisukumia sinia, akasema, "Hebu ondoa vitu hivi." Nilisahau neno la sista. Nilitumia mikono. Chini ya pamba palikuwa na sindano iliyokwisha kutumiwa, ikapenya glavu ikanichoma kidole.

Nikanyamaza. Niliogopa kufukuzwa. Niliosha kidole kwa maji na sabuni, nikaendelea na kazi mpaka kulipopambazuka, huku moyo ukinidunda. Asubuhi nilimwambia sista mkubwa. Hakunigombeza. Aliuliza neno moja tu: "Saa ngapi?" Kwa maana dawa za kuzuia virusi vya ukimwi baada ya kuchomwa sharti zianzwe kabla ya saa 72, na kila saa inayopotea ni hasara.

Basi tukaenda kuandikisha. Kitabu cha ajali kilikuwa na mahali pa jina na mahali pa namba ya mfanya kazi. Karani akaniuliza, "Namba yako?" Sikuwa nayo. Akauliza, "Wewe ni nani hapa?" Nikasema, "Mimi najitolea." Akaweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya. Katika kitabu chake hapakuwa na mstari wa mtu kama mimi. Sista aliichukua kalamu, akaandika kwa mkono wake mwenyewe.

Nilimeza vidonge siku 28, kichefuchefu asubuhi na jioni. Nilipimwa damu mara kadhaa kwa miezi iliyofuata. Namshukuru Mungu, nilikuwa mzima. Lakini katika siku zile nililielewa swali la baba. Ningaliugua, ni nani angalisema, "Huyu ni wetu"? Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007 inamlinda mfanya kazi aliye na mkataba, na hata mwanagenzi aliyeandikwa. Mimi sikuwa mfanya kazi, wala mwanagenzi, wala mwanafunzi wa chuo. Nilikuwa msichana aliyeingia kwa mlango uliokuwa wazi.

Nilipomweleza baba, nilidhani atasema, "Nilikuambia." Hakusema hivyo. Alifungua kibweta chake, akatoa karatasi na kalamu, akasema, "Sasa tuandike, kama tunavyoandikiana na tajiri." Tukaandika. Wiki ile ile akaenda nami hospitali, amevaa koti lake la mikutano. Msimamizi aliisoma karatasi mara mbili, akabadilisha maneno mawili, akatia sahihi. Nami nikarudi kujitolea mpaka Agosti.

MAMBO YA KUANDIKA

Karatasi ile ilikuwa na mambo sita. Nayataja moja moja, ili kila mzazi ayaandike.

1. Mwalimu. Jina au cheo cha nesi anayemsimamia mtoto kila zamu. Nesi huyo asipokuwapo, mtoto hana kazi siku hiyo.

2. Muda. Siku ngapi kwa wiki, saa ngapi za kuingia na kutoka, na tarehe ya mwisho. Usiku asikae. Kujitolea kusikokuwa na tarehe ya mwisho ni ajira iliyofichwa.

3. Mikono. Yaandikwe anayoruhusiwa na asiyoruhusiwa. Asichome sindano, asitoe dawa, asishone wala kufunga vidonda, asiguse takataka za damu wala kisanduku cha sindano. Wanaoruhusiwa kufanya kazi ya unesi ni walioandikishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, na wanafunzi wao walio chini ya usimamizi.

4. Kinga. Achanjwe homa ya ini aina ya B. Chanjo hiyo hutolewa mara tatu katika miezi sita, kwa hiyo ianzwe mapema. Apewe glavu na kitambaa cha kufunika pua na mdomo. Na iandikwe wazi: akichomwa au akirukiwa na damu, anamwambia nani, anaandikwa wapi, na ni nani anayelipa gharama.

5. Siri. Aliyoyaona kwa mgonjwa asiyatoe nje, hata kama mgonjwa ni jirani. Simu yake isipige picha hata moja. Tangu mwaka 2019 nchi yetu ina sheria ya kulinda habari za watu, na habari za ugonjwa ni miongoni mwa zile zinazolindwa zaidi.

6. Nafasi ya mtu. Asiwekwe mahali pa mfanya kazi aliyeondoka, wala mahali pa mfanya kazi asiyeajiriwa ili kuokoa mshahara.

Juu ya hilo la sita nataka kusema zaidi, kwa sababu niko mbele ya chama.

Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika kujitolea, jembe hilo huja polepole. Leo unaombwa kusukuma machela kwa sababu mtumishi amekwenda kula. Kesho unasukuma kwa sababu yuko likizo. Mwezi ujao mtumishi amestaafu, na hakuna anayeandikwa mahali pake, kwa kuwa vijana wa bure wapo. Hapo mtoto wa mfanya kazi ameondoa mkate wa mfanya kazi mwingine bila kujua.

Na wakati wa mgomo? Mwaka 2017 manesi wa hospitali za serikali waligoma tangu Juni mpaka mapema Novemba, karibu miezi mitano. Mimi nilikuwa nesi wakati huo. Vijana wenye moyo mwema walikuja kuuliza kama waingie kusaidia. Niliwajibu kwa swali la baba: "Mwalimu wako ni nani?" Walimu wao walikuwa nje. Mwanafunzi asiye na mwalimu hajifunzi. Amewekwa mahali pa mtu. Na mgonjwa naye anadhurika, kwa sababu anamwona mtu mwenye koti safi akidhani ni nesi. Wakati wa mgomo kijana akae nyumbani.

MANENO KWA WATOTO WENYEWE

Kwanza, jifunzeni huduma ya kwanza kabla ya kwenda popote. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, lililoundwa mwaka 1965, na St John Ambulance, ambayo iko nchini tangu mwaka 1928, hufundisha raia wa kawaida. Mafunzo hayo yatawafaa hata msipokuwa manesi. Kwa mfano, mtu aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi dakika 20. Asipakwe mafuta wala dawa ya meno. Katika barabara yetu hii, mtu anayejua jambo hilo anaweza kuhitajiwa leo jioni.

Pili, msidanganywe kwamba kujitolea kutawapa nafasi ya chuo. Chuo kinatazama alama. Kwa stashahada ya unesi katika chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, KMTC, huhitajiwa wastani wa C, pamoja na C ya Baiolojia na C ya Kiingereza au Kiswahili, na alama za somo jingine la sayansi au Hesabu. Mtu akikuambia kwamba barua ya kujitolea na shilingi kadha zitakuingiza bila alama hizo, mkimbie, kisha mje mmwambie katibu.

Tatu, msione haya kuuliza, wala msione haya kukataa. Ukiambiwa "Hebu ondoa vitu hivi," sema kwa adabu, "Samahani sista, mikono bado." Nesi wa kweli hatakasirika. Mimi nikiambiwa hivyo na kijana, nafurahi, kwa sababu najua kwamba huyo atanirudia akiwa mzima.

Ndugu wafanya kazi, nimemaliza. Baba yangu sasa ni mzee na hatoki sana, lakini karatasi ile bado imo katika kibweta, kati ya kadi ya chama na hati ya shamba. Aliniruhusu kuinakili, na nakala nimempa Katibu. Mzazi yeyote anayetaka kumpeleka mtoto kujitolea, apite ofisini, aichukue, aijaze, kisha aende hospitali pamoja na mtoto wake. Asimtume peke yake. Msimamizi akikubali kutia sahihi, mwacheni mtoto aende, na mmpe nauli kwa furaha. Akikataa, rudini naye nyumbani, mtafute hospitali nyingine.